Mashine ya sarafu ya karanga na pipi: jinsi ya kuichagua kabla hujatoa hela

Wengi wanaotaka kuanza biashara hii huuliza kwanza mashine inauzwa shilingi ngapi. Hilo ni swali la nne. La kwanza ni sarafu gani itaingia, la pili ni kitu gani kitatoka, la tatu ni wapi itasimama. Ukishayajibu hayo matatu, mashine zinazokufaa hubaki moja au mbili tu, na hapo ndipo bei huwa na maana.

Mashine yenyewe ni ile ndogo isiyotumia umeme: kopo linaloonyesha juu, mkono wa kuzungusha mbele, kimlango cha kutokea chini. Mteja anatumbukiza sarafu, anazungusha, kiasi kilichopimwa kinamwangukia kiganjani. Kwa Dodoma, Singida na wilaya za jirani tunapendekeza karanga ziwe bidhaa kuu na pipi ziwe msaidizi, si kinyume chake. Karanga zinalimwa hapa hapa, zinavumilia joto kuliko pipi nyingi, na mtu mzima hula karanga kila siku ilhali pipi hununua mara moja moja.

Sarafu

Mashine isiyo na umeme haijui thamani ya sarafu, inajua upana na unene wake tu. Ndani ya mtambo wa sarafu kuna gurudumu lenye kitundu kilichochongwa kwa sarafu ya aina moja. Sarafu sahihi ikikaa humo huzuia kijino kisidondoke, na mkono unazunguka. Sarafu ndogo kuliko kitundu hukiacha kijino kidondoke na mkono unakwama. Kubwa haiingii kabisa.

Sasa tazama kinachotokea mtu akinunua mashine ya mtumba kwa kuvutiwa na bei. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani imechongwa kwa sarafu yao ya senti 25, yenye kipenyo cha milimita 24.26 na unene wa milimita 1.75. Ya Ulaya mara nyingi imechongwa kwa euro moja: kipenyo milimita 23.25, unene 2.33. Sarafu zetu hazikutengenezwa kwa vipimo hivyo. Muuzaji akikwambia "itaingia tu, zinakaribiana", mwombe aitumbukize mbele yako mara 30. Nusu milimita inatosha kuifanya mashine ikwame kila baada ya wateja watano, na mteja aliyeliwa hela yake mara moja harudi.

Sarafu zilizo mikononi mwa watu ni nne. Ya 50 ina pembe saba, haizunguki vizuri kwenye gurudumu, na thamani yake haikupi kipimo cha maana. Iache. Ya 100 inafaa kwa bazoka moja ya duara au pipi chache. Ya 200, yenye simba, ndiyo tunayoipendelea kwa karanga: mteja hafikirii mara mbili kuitoa, na kipimo chake kinatosha kumridhisha. Ya 500, yenye nyati, iliyoingia mwaka 2014, inafaa mahali kama baa, ambako mtu anataka karanga za kumtosha meza nzima, au kwa korosho. Ila hakikisha mashine yake ina vyumba vikubwa vya kupimia. Mashine ndogo ikizungushwa kwa jero na kutoa vijiko viwili vya karanga huonekana mwizi.

Kuna jambo la kujiandaa nalo kuhusu sarafu ya 200. Mashine nyingi za dubwi mitaani hula sarafu hiyo hiyo. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, kuna mitaa ambayo sarafu za 200 huadimika madukani kwa sababu zimekusanywa kwenye dubwi. Kabla ya kuamua, zunguka maduka kumi ya eneo lako uombe chenji ya buku kwa sarafu za 200, uone wangapi wanazo. Pili, mwenye jengo, mtendaji au askari akiona mashine inayokula sarafu anaweza kudhani ni kamari. Kopo liwe wazi ili bidhaa ionekane, bei na uzito viandikwe mbele, na kila mzunguko utoe kitu kile kile. Vile vidude vyenye zawadi tofauti tofauti, ambavyo mteja hajui atapata nini, viepuke. Mchezo wa bahati una leseni yake kutoka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na si biashara hii.

Kupima sarafu ni kazi ya dakika ishirini. Azima kalipa, kifaa cha kupimia upana na unene, kwa fundi mchonga vyuma. Kusanya sarafu 30 za aina uliyochagua kutoka sehemu tofauti: kwa konda, kwa mama ntilie, dukani, sokoni. Ziwemo mpya na zilizochakaa. Pima kipenyo na unene wa kila moja, kisha andika kubwa kabisa na ndogo kabisa. Kitundu cha mtambo kinapaswa kuzidi sarafu kubwa kabisa kwa milimita 0.2 hadi 0.3. Kikibana zaidi ya hapo, vumbi kidogo litakwamisha, na kikilegea sana, vipande vya bati vitapita. Ukiagiza China, mtumie muuzaji namba hizo, na ikiwezekana tuma sarafu zenyewe 10, ili mtambo uchongwe na kujaribiwa kwa sarafu halisi. Gharama ya kifurushi kidogo ni ndogo kuliko ya kupokea mashine sita zisizopokea hela ya Tanzania.

Je, fundi wa hapa anaweza kurekebisha mtambo? Kwa upande mmoja tu. Kitundu kidogo kinaweza kupanuliwa kwa tupa au leithi, lakini kikubwa hakipunguzwi kwa kuchomelea, maana mitambo mingi ni ya zinki iliyomiminwa, ambayo huyeyuka au kupasuka kabla weldi haijashika. Suluhisho la kitundu kikubwa ni kununua mtambo mwingine, na ndiyo maana uulize kabla ya kulipa kama mtambo wa sarafu unauzwa peke yake.

Wengine hutamani kipokea sarafu cha umeme, kile kinachofundishwa kutambua sarafu za aina kadhaa. Ni kizuri, lakini kinahitaji umeme wa volti 12, betri ya akiba pale unapokatika, na mtu wa kukifungua vumbi likiingia kwenye jicho la kifaa hicho. Kwa anayeanza na mashine tatu au nne, mtambo wa kuzungusha kwa mkono ndio wa kuanza nao.

Uelewe pia kwamba mashine hizi hazipandishi bei. Karanga zikipanda sokoni, huwezi kutoza 250. Unachoweza ni kupunguza kipimo au kuhamia mtambo unaodai sarafu mbili. Ukipunguza kipimo, badilisha na maandishi ya uzito siku hiyo hiyo.

Bidhaa na joto la Dodoma

Mwezi Oktoba na Novemba joto la mchana Dodoma hupita nyuzi 30 kivulini, na kopo la plastiki lililo karibu na ukuta wa bati hupata zaidi ya hapo. Chokoleti huanza kulainika kabla ya nyuzi 30, na mafuta yake huyeyuka yote kwenye nyuzi 34 hivi. Hata ile iliyopakwa ganda la sukari hupasuka na kupaka rangi mashine nzima. Iondoe kwenye orodha yako, hata kama picha za mashine kwenye tangazo zimejaa chokoleti za rangi.

Vitu viwili ambavyo mtu wa Dodoma huvifikiria haraka ni ubuyu na zabibu kavu, kwa kuwa vyote ni vya nyumbani. Vyote viwili havifai kwenye mashine hii. Ubuyu wa rangi unanata na kumwaga unga unaoziba sahani. Zabibu kavu hugandamana zenyewe kwa zenyewe, na kwenye joto sukari yake huwa gundi. Viuze kwenye vifuko juu ya kaunta. Pipi zilizofungwa karatasi nazo hukwama, kwa sababu masikio ya karatasi huingia kati ya sahani na ukingo wake.

Vinavyopita vizuri ni karanga zilizokaangwa na kumenywa, karanga za mayai, dengu za kukaanga, pipi ndogo ngumu zenye ganda la sukari, na bazoka za duara. Bazoka zina sharti lake: gurudumu liwe na mashimo ya ukubwa wa bazoka yenyewe. Zile za duniani kote huuzwa sana katika ukubwa wa takribani milimita 22 na 25. Ukiweka ya 22 kwenye shimo la 25, siku moja zitatoka mbili, siku nyingine ya pili itabanwa nusu na mkono utagoma.

Karanga ndizo zenye mengi ya kuangalia, na hapa hatutaki ufanye haraka.

La kwanza ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufa kwa mahindi yenye sumukuvu, na karanga hushikwa na ukungu huo huo. Ukame shambani kabla ya kuvuna huongeza hatari, na mkoa huu unaujua ukame. Kukaanga hakuiondoi sumu. Kwa hiyo kazi yote ni kabla ya kikaango: nunua karanga za msimu huu, kavu kiasi kwamba ukitikisa ganda zinalia na ukivunja punje inakatika bila kupinda. Chambua kwa mkono, ukitoa zilizosinyaa, zenye madoa, zilizobadilika rangi, zilizochipua na zilizotobolewa. Usizile, usimpe kuku, usimwuzie mtengeneza siagi ya karanga. Gunia linalonuka uvundo lirudishe lote, usijaribu kuokoa nusu.

La pili ni maganda mekundu. Yakibaki, hupukutika kila mkono unapozunguka, hujaa chini ya sahani, na baada ya wiki mbili sahani inasaga badala ya kupima. Karanga zikishakaangwa na kupoa, zisugue ndani ya kitambaa safi cha pamba, kisha zipepete kwa ungo. Chekecha mara ya mwisho kwa chekeche la tundu kama milimita 5, ili vipande vilivyovunjika vitoke. Vipande hivyo ndivyo chanzo kikubwa cha mashine kukwama.

La tatu ni chumvi. Chumvi nyingi hula zinki na kutengeneza tope pale unyevu wa mvua unapoingia, kuanzia Desemba. Tumia gramu 10 hadi 12 kwa kilo, zikiwa zimeyeyushwa kwenye maji kidogo na kunyunyizwa karanga zikiwa bado zinakaangwa, ili chumvi ikaukie kwenye punje. Chumvi kavu ya kumwagia juu huishia chini ya kopo.

La nne ni kupoa. Karanga zikimiminwa kwenye kopo zikiwa na joto, mvuke hugeuka maji kwenye ukuta wa kopo, na siku ya tatu zimelainika. Zitandaze usiku mzima, kisha zifungie kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mwili wa mashine

Gonga kopo kwa kucha. Kioo kinalia, ni kizito, hakichuniki, lakini kikianguka biashara imekwisha siku hiyo. Polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, hukubali kupinda kidogo ukibonyeza na haipasuki kirahisi. Kasoro yake ni kwamba jua huifanya njano, na vumbi la Dodoma likifutwa kwa kitambaa kikavu huikwaruza hadi ionekane ya ukungu. Akriliki, plastiki nyingine, ni safi machoni lakini hupasuka kwenye kona zenye skrubu. Kwa mazingira yetu chagua polikaboneti, na uiweke mbali na jua la moja kwa moja.

Ukubwa wa kopo huwadanganya watu. Kubwa linaonekana ni bora kwa sababu hulijazi mara kwa mara. Lakini mafuta ya karanga huchacha kwa joto, mwanga na hewa, na kopo la mashine lina vyote vitatu. Karanga zisikae humo zaidi ya siku saba, na mwezi Oktoba siku tano. Lita moja ya karanga zilizokaangwa huwa karibu gramu 600, hivyo kopo la lita 5 hubeba kama kilo 3, yaani vipimo 150 vya gramu 20. Mashine ikizungushwa mara 25 kwa siku, hizo zinaisha siku ya sita. Hilo ndilo kopo linalofaa. La lita 10 litakuuzia karanga chungu.

Sahani ya kupimia iwe ya vyumba vinavyorekebishwa, ile yenye vipande vinavyosogezwa au kutolewa ili chumba kipanuke au kipungue. Juu ya tundu la kutokea pawe na brashi imara ya nywele za nailoni. Kazi yake ni kufagia karanga zilizozidi chumba, ili zisikatwe na ukingo wa chuma. Brashi ikichakaa, mashine hugeuka kinu. Katikati ya sahani tafuta kikorogeo, waya au kibawa kinachozunguka na sahani. Bila hicho karanga hujenga daraja juu ya sahani: kopo limejaa, lakini anayezungusha anapata hewa.

Mitambo ya plastiki iachie wanaonunua mapambo ya nyumbani. Meno ya plastiki yakilika kidogo, mkono huzunguka bila sahani kuzunguka. Mashine za zamani za Northwestern za Marekani na Beaver za Kanada, ambazo mara chache hupatikana mitumbani, zinapendwa kwa sababu mitambo yake ni ya chuma na inafunguka kwa bisbisi. Ukiikuta, kumbuka lile la sarafu kabla hujafurahi.

Kuhusu kufuli, angalia namna mashine inavyofunguka. Aina nyingi zina fito moja ndefu katikati: ukifungua kufuli la juu na kulegeza fito, mwili mzima unaachana, na sanduku la hela liko wazi pale. Anayejaza karanga ndiye pia anayeziona hela. Kama utajaza mwenyewe, haina shida. Kama utamtuma kijana, nunua yenye sanduku la hela la kufuli lake peke yake. Na badilisha makufuli ya kiwandani, maana watengenezaji wengi hutumia ufunguo mmoja kwa maelfu ya mashine.

Vichwa viwili kwenye nguzo moja vinatosha: kimoja karanga za chumvi, kingine karanga za mayai au pipi. Cha tatu karibu kila mara hubaki na kitu kisichonunuliwa, na kitu kilichokaa huharibu sifa ya vile viwili vizuri.

Kitako kiwe kizito. Kinachouzwa na mashine mara nyingi ni cha bati, na upepo wa Julai au mtoto anayening'inia kwenye mkono unatosha kuiangusha. Mpe fundi wa kuchomelea rimu ya gari iliyochakaa, asimamishe bomba la inchi moja na nusu katikati, kisha mwaga zege la simenti moja, mchanga mbili, kokoto tatu ndani ya rimu. Liache wiki moja kabla ya kuhamisha. Tundu la sarafu likae kama mita moja kutoka chini. Weka na pete ya chuma ya kupitishia mnyororo.

Jaribio kabla ya kulipa

Usilipe mashine ambayo hujaizungusha. Nenda na sarafu zako 30, kilo 2 za karanga zilizochambuliwa, mzani mdogo wa jikoni wa kusoma gramu, bisbisi, na washa (pete bapa za chuma) tatu nne za duka la vifaa zenye upana wa sarafu yako.

Zungusha kwanza bila bidhaa, mara 50, ukisikiliza. Mlio uwe ule ule mwanzo hadi mwisho. Tumbukiza kila sarafu, mpya na kuukuu, na hata moja isikwame. Jaribu washa: mtambo mzuri una kijino kinachodondokea kwenye tundu la katikati na kugoma. Ukizikubali, watoto watagundua ndani ya wiki.

Kisha mimina karanga na upime mizunguko 20, mmoja mmoja. Tuseme umeweka kipimo cha gramu 20. Mizunguko yote iwe kati ya gramu 17 na 23. Ukiona 12, kisha 28, kisha 15, tatizo ni brashi au kikorogeo, na halirekebishiki kwa kusogeza vipande vya sahani. Tazama pia unga unaoanguka kwenye tundu la kutokea. Kidogo ni kawaida, ila nusu za karanga zilizokatwa si kawaida.

Mwisho fungua na ufunge kila kufuli mara kumi, shika mashine uitikise kwa nguvu uone kama karanga zinadondoka bila hela, halafu ifungue sahani mwenyewe kwa bisbisi. Kama huwezi kuifungua ukiwa dukani kwa utulivu, hutaisafisha kila wiki.

Eneo, na hesabu ya usafiri

Mahali pazuri ni pale watu wanaposubiri wakiwa wamekaa na mikono mitupu. Vinyozi na saluni, sehemu za kuosha magari, gereji, zahanati, steshenari zenye foleni karibu na UDOM au Chuo cha Mipango, na vyumba vya kusubiria mabasi kwenye stendi ya Nanenane. Baa na grosari zina faida yake: karanga za chumvi huuza bia, hivyo wenye baa wengine watakubali asilimia ndogo. Mashine ya kusaga nafaka ina foleni nzuri lakini vumbi la unga litaua mtambo. Mbele ya shule za msingi hatupashauri. Karanga na pipi ngumu za duara huweza kumpalia mtoto aliye chini ya miaka mitano, na mashine haiwezi kumchagua mteja. Popote itakapokuwa, andika mbele kwa herufi kubwa kwamba ndani kuna karanga, kwa ajili ya wenye mzio.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano, nawe uweke bei za siku yako. Kilo ya karanga, pamoja na moto, chumvi na zilizotupwa, ikufikie Sh 5,000. Vipimo 50 vya gramu 20 kwa Sh 200 ni Sh 10,000. Mwenye eneo achukue asilimia 20, yaani 2,000. Vifuko vidogo vya khaki 50 kwa Sh 10 ni 500. Unabaki na Sh 2,500 kwa kilo, na mashine imekugharimu Sh 250,000 pamoja na kitako.

Ukiwa na mashine moja tu, na bodaboda kwenda na kurudi ni Sh 4,000 kila unapojaza kilo 3, faida ya 7,500 inashuka hadi 3,500. Kwa mizunguko 25 kwa siku, hela ya mashine inarudi baada ya siku 428 hivi, zaidi ya miezi 14. Ukiwa na mashine nne kwenye njia moja, safari hiyo hiyo inajaza kilo 12, na kila mashine inajilipa ndani ya siku kama 230. Mashine ni ile ile, karanga ni zile zile. Kwa hiyo hapa Dodoma usiweke moja Kisasa, moja Mtumba, moja Kikuyu kwa sababu tu umepata marafiki huko. Funga mzunguko mmoja, mathalani Majengo, Jamatini na Sabasaba, uumalize asubuhi moja kwa baiskeli.

Vile vifuko vya khaki si anasa. Wateja wa mjini hawapendi kupokea chakula kwa kiganja chenye vumbi. Vitundike pembeni kwa uzi. Vya nailoni laini visitumike, kwani vifungashio vya plastiki visivyokidhi viwango vilipigwa marufuku mwaka 2021.

Sarafu utakazotoa nazo ni bidhaa. Mwenye duka aliyekosa chenji atakupa noti kwa furaha, na mara nyingi hilo ndilo humfanya akubali mashine ikae kwake. Usizihesabu moja moja: hesabu 100, zipime kwenye mzani, andika uzito, kisha mengine yote pima. Inawezekana kwa sababu mashine yako inakula aina moja tu.

Vibali

Nenda kwa afisa biashara wa Halmashauri ya Jiji, au ya wilaya yako, ukaeleze kwamba ni mashine ya kuuzia chakula, na uulize leseni moja inabeba maeneo mangapi. Utahitaji TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA. Masuala ya usalama wa chakula yalihamia TBS (Shirika la Viwango Tanzania) mwaka 2019, na ofisi yao ya kanda ya kati iko Dodoma. Anayekaanga na kujaza apime afya kama mhudumu mwingine yeyote wa chakula. Kama hutaki mzigo wa kukaanga, nunua kwa mkaangaji ambaye tayari amesajili bidhaa yake, na utunze risiti zenye tarehe.

Na mwenye eneo muandikiane ukurasa mmoja: asilimia yake, siku ya kulipana mbele ya sanduku likifunguliwa, nani atawajibika mashine ikiibwa, na notisi ya siku 14 kwa anayetaka kuachana.

Matunzo

Kila wiki toa karanga zilizobaki, usizichanganye na mpya. Osha kopo, sahani na kimlango kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, kausha kabisa kivulini. Unyevu ukibaki chini ya sahani, ukungu huanzia hapo. Mtambo wa sarafu usiutie maji wala mafuta, maana mafuta na vumbi la Dodoma hutengeneza msasa. Usafishe kwa brashi kavu ya mswaki, kisha sugua unga wa risasi ya penseli kwenye gurudumu.

Sisimizi hupanda nguzo usiku mmoja tu baada ya kuonja karanga. Paka grisi mduara wa upana wa sentimita 5 chini ya nguzo, mbali na mikono ya wateja, na uifute na kuipaka upya kila wiki, kwani vumbi likiifunika hugeuka daraja lao.

Mkono ukikwama, mteja asiulazimishe wala wewe usiulazimishe. Fungua, toa sarafu kwa kibano, angalia kama imepinda. Kama sarafu ni nzima, kosa liko chini kwenye sahani: punje imebanwa. Zungusha sahani kinyume kidogo kwa kidole, itoe, na uchunguze brashi. Bandika namba yako ya simu mbele ya mashine, na mwachie mwenye eneo sarafu tano za 200 za kumrudishia aliyeliwa hela, papo hapo, bila maswali. Siku ya kufungua sanduku hesabu zilizotumika. Zikizidi mbili kwa wiki, ile brashi au ule mtambo umefika mwisho wake na unahitaji kubadilishwa.